Mayai ya Saa Nne

Katika nyumba za raia wengi, chakula cha asubuhi huliwa asubuhi na cha mchana huliwa mchana. Katika nyumba ya askari mambo hayaendi hivyo. Aliyelinda usiku humngoja mwenzake wa zamu afike, hukabidhi bunduki, hutia sahihi kitabuni, na anapofika nyumbani jua limekwisha kupanda. Wakati huo chai ya watoto imekwisha kunywewa, nacho chakula cha mchana hakijainjikwa. Hiyo ndiyo saa nne ya asubuhi, saa isiyo na chakula chake maalumu, na aghalabu mke wa askari ndiye anayeachiwa kuifikiria.

Mama mmoja wa kambi ya polisi mjini Jinja, nchini Uganda, aliifikiria saa hiyo kwa muda mrefu kabla hajaipatia dawa. Aliishi na mumewe na watoto wao 3 katika kibanda cha duara cha mabati, kimoja cha vile ambavyo askari wa Uganda wameviita kwa miaka mingi "mama ingia pole", kwa kuwa mlango wake ni mfupi na kila aingiaye sharti ainame. Nyuma ya kibanda alifuga kuku wachache. Mayai yao mengi alimwuzia kijana wa chapati aliyekaa karibu na lango la kambi, na fedha zake zikageuka sabuni, chumvi na madaftari ya shule. Machache yaliyobaki yalikuwa ya mumewe.

Mume huyo alilinda usiku mara 4 katika juma. Kila aliporudi alikaangiwa mayai 2, akayala peke yake kwenye meza ndogo, kisha akalala. Watoto walikuwa wamekula viazi. Mama alikunywa chai. Hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyeona kwamba lipo jambo la kulalamikiwa. Huko Buganda, alikozaliwa mama huyo, kwa vizazi vingi wanawake hawakula kuku wala mayai. Waliyapika, wakawaandalia wanaume, wakarudi jikoni. Mwiko huo umelegea sana siku hizi, hasa mijini, na mama mwenyewe hakuuamini tena. Hata hivyo mikono yake iliendelea kuufuata. Yai lilipokwisha kuiva, mkono wake ulikwenda kwenye sahani ya mume bila kuulizwa.

Asubuhi moja binti yao wa miaka 6 alisimama mlangoni akimtazama baba yake anavyokula. Baadaye akauliza, "Mama, mayai ni ya polisi?"

Baba alicheka sana, akamkatia ukingo wa yai lake. Mama hakucheka. Alikuwa na mimba ya miezi 5, na katika juma lile lile muuguzi wa zahanati alikuwa amemhimiza ale mayai, maharage, samaki na mboga za majani, kwa ajili ya afya yake na ya mtoto aliye tumboni. Muuguzi alipomwuliza kama mayai hupatikana nyumbani, alijibu kwamba hupatikana, na jibu hilo lilikuwa kweli. Alipomwuliza kama yeye huyala, alijibu pia kwamba huyala, na hapo alisema uongo.

Usiku ule alifanya hesabu ambayo hakuwahi kuifanya. Mayai 2 mara 4 ni mayai 8. Watu wa nyumba yake walikuwa 5. Mayai yale yale yaliyokuwa yakiliwa na mtu mmoja kwa juma zima yangeweza kuliwa na nyumba nzima siku moja, bila kumpunguzia kijana wa chapati hata yai moja. Jambo lililokuwa zito halikuwa mayai. Lilikuwa ni nani atakayemwambia mwenye nayo.

Sufuria ya kwanza

Kabla ya kuolewa, mama huyo aliwahi kufanya kazi katika jiko la hoteli moja ndogo. Wageni wa hoteli hiyo walichelewa kuamka siku za Jumapili, na mpishi hakutaka kusimama asubuhi nzima akimkaangia kila mmoja yai lake. Alipiga mayai mengi kwa maziwa, akayamimina juu ya viazi na vitunguu katika chombo kipana, akakitia ndani ya tanuri, akaenda zake kufanya kazi nyingine. Chakula kilipotoka kilikatwa vipande kama keki, na kila aliyeshuka ngazi alikikuta kingali moto.

Kambini hapakuwa na tanuri. Palikuwa na sigiri ya mkaa na sufuria 3. Alichukua mayai 4 ya kujaribia, akayamimina katika sufuria, akaifunika, akaiweka juu ya moto. Baada ya muda mfupi harufu ya kuungua ilienea mpaka kwa majirani. Alipofunua alikuta chini pameungua kabisa na juu kungali majimaji. Mayai 4 yalikuwa yamepotea, nayo yalikuwa ya kuuzwa. Alikwangua sufuria haraka ili mumewe asiulize.

Jirani aliyefuata harufu ile alikuwa mke wa dereva, mwanamke aliyezaliwa Mombasa. Alitazama ndani ya sufuria, akatazama sigiri, akasema, "Dada, moto wako wote uko chini. Huku juu nani atapika?"

Akamweleza jambo ambalo kila mpishi wa pwani hulijua tangu utotoni, nalo ni kupalia. Wali ukikaribia kukauka, makaa ya moto huwekwa juu ya kifuniko, na joto hushuka kutoka juu kama linavyopanda kutoka chini. Mikate ya kuoka nayo hupikwa vivyo hivyo katika nyumba zisizo na tanuri. Maana tanuri si kitu kingine ila joto linalokizunguka chakula pande zote. Aliye na makaa chini na makaa juu ana tanuri, ingawa hakulinunua.

Jani la mgomba

Siku chache baadaye mama mkwe aliwasili kwa basi kutoka kijijini, amekuja kumsaidia mkwewe kwa muda. Mkwewe alipiga magoti akamsalimu, akampokea mzigo, akamtandikia pamoja na watoto nyuma ya pazia. Sasa watu wa nyumba wakawa 6, na yule wa sita alikuwa mwanamke ambaye hakuwahi kula yai tangu azaliwe.

Mama wa nyumba alitaka kuacha jaribio lake mpaka mgeni aondoke. Lakini mama mkwe aliiona sufuria yenye doa jeusi ambalo halikutoka kwa mchanga wala kwa majivu, akauliza, "Mwanangu, sufuria hii uliivalisha nini?"

"Sikuivalisha kitu, Mama."

"Basi ndiyo sababu imeungua. Kitu kinachopikwa polepole huvalishwa jani."

Hakuuliza ni kitu gani kilichokuwa kikipikwa, na mkwewe hakusema. Mama mzee alimtuma mjukuu akate majani 2 ya mgomba yasiyopasuka. Akaondoa uti wa katikati kwa kisu, akayapitisha juu ya moto mpaka yakabadilika rangi na kulegea, kama yanavyotayarishwa kwa kufungia chakula katika nyumba za Buganda. Akayalaza ndani ya sufuria kwa kupishana. Jani likiwa mbichi hupasuka. Likipitishwa motoni hukunjika kama kitambaa. Likiwa chini ya chakula hukinga moto usikiguse moja kwa moja, nalo huungua badala yake.

Namna ya kupika

Kwa watu 6, mama huyo alitumia vitu hivi: mayai 8, maziwa kikombe 1, viazi ulaya 5 vya kadiri vilivyochemshwa tangu usiku, vitunguu 2, nyanya 3, fungu dogo la dodo, chumvi nusu kijiko cha chai, na mafuta vijiko 3 vya kulia.

Kwanza aliyajaribu mayai kwa kuyatia katika bakuli la maji. Yai jipya huzama na kulala. Lililokaa siku nyingi husimama wima. Lililokaa mno huelea, kwa sababu hewa iliyomo ndani ya ganda huongezeka kadiri siku zinavyopita. Yaelealo huachwa. Kisha alilivunja kila yai peke yake katika kikombe kabla ya kulimimina pamoja na mengine, ili moja bovu lisiyaharibu saba mazima.

Vitunguu na nyanya alivikaanga mpaka maji ya nyanya yakakauka. Hatua hii haifai kufanywa kwa haraka, maana maji yakibaki chakula hakishikani, bali hulala katika mchuzi mwembamba. Dodo aliichemsha kidogo, akaikamua kwa mkono. Viazi alivikata vipande vyembamba, akavipanga juu ya majani yaliyopakwa mafuta, akatandaza vitunguu, nyanya na dodo, akaacha vyote vipoe. Mayai yakimiminwa juu ya vitu vya moto huganda papo hapo kabla hayajaenea. Mwisho aliyapiga mayai kwa maziwa na chumvi, akayamimina taratibu mpaka yakafunika viazi.

Sigiri ilikuwa nje ya nyumba, na huko ndiko inakopaswa kuwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo ikijaa ndani ya chumba kilichofungwa humwua mtu aliyelala. Alingoja mkaa uache kutoa moshi na uanze kuvaa majivu. Akaacha makaa machache chini, kama ngumi moja, akayatawanya. Juu ya kifuniko bapa cha bati akaweka makaa mara 2 ya yale ya chini. Hapo ndipo lilipokuwa kosa la kwanza na dawa yake: moto wa chini uwe mdogo, wa juu uwe mkubwa.

Hakufunua kwa dakika 25. Alipotaka kutazama, alipangusa majivu ukingoni kwanza, akakiinua kifuniko sawasawa kwa koleo, bila kukiinamisha, ili majivu yasimwagike ndani. Akachoma kisu katikati. Kilitoka na majimaji. Akafunika tena kwa dakika 8. Mara ya pili kisu kilitoka kisafi. Mayai ya watoto na ya mwanamke mwenye mimba yafaa yaive mpaka katikati, kwa kuwa yai bichi laweza kuwa na vijidudu vya maradhi. Lakini moto mkali usio na subira nao hudhuru: yai huwa gumu kama mpira na kutoa maji. Mpishi hana budi kupita katikati ya makosa hayo mawili.

Faida kubwa kwa nyumba ya askari ilionekana baada ya hapo. Yai la kukaanga halimngoji mtu. Askari akichelewa nusu saa kwa sababu mwenzake wa zamu hakutokea, hukuta kitu baridi chenye mafuta yaliyoganda. Sufuria hii ilipoiva, mama aliondoa makaa ya chini, akaacha juu ya kifuniko majivu ya moto tu, na chakula kikakaa na joto lake kikimngoja mwenye nyumba. Si vizuri hata hivyo kukiacha hivyo zaidi ya saa 2, maana chakula cha mayai na maziwa huharibika upesi katika joto.

Jumapili

Ilikuwa Jumapili. Watoto walikuwa wamenawa mikono tangu saa tatu. Mume aliinama, akaingia, akavua kofia, akaitazama meza. Katika nafasi ya sahani yake palikuwa na sufuria nzima na sahani 6 tupu.

"Mayai yangu yako wapi?" aliuliza.

"Yamo humo, Baba Watoto," mkewe alijibu. "Yote manane."

Hapakuwa na sauti ndani ya nyumba. Mume alielewa maana ya hesabu ile, kwamba hapatakuwa na mayai mawili siku ya Jumanne, wala Alhamisi. Aliwatazama watoto. Akamtazama mama yake mzazi, ambaye katika nyumba aliyomlelea hakuwahi kuona mwanamke akiketi mbele ya yai. Kama kulikuwa na mtu wa kulipinga jambo lile, ni yeye.

Mama mzee alisema, "Keti, mwanangu. Kinapoa."

Akaketi, viatu vya kazi vikiwa bado miguuni. Akachukua kisu. "Tuko wangapi?" aliuliza, na binti yake akajibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Sita!" Akakata vipande 6, akajitahidi vilingane, akamwekea kila mmoja chake. Chini ya chakula jani lilikuwa limekauka na kuwa jeusi, lakini viazi vilikuwa na rangi ya dhahabu.

Mama mzee alikisukuma kipande chake kwa mjukuu. Mtoto akashangaa. "Jaja, wewe huli?"

"Mimi nimezeeka na mwiko huu, nami nitakwenda nao," alisema. "Mimi nitakula viazi na chai yangu. Nyinyi kuleni." Kisha akamwona mkwewe ameshika kipande chake bila kukitia kinywani, anangoja, macho chini kwa heshima. Akamwambia, "Na wewe kula. Aliye tumboni hana mwiko bado. Usimfundishe."

Mama wa nyumba akala. Hilo lilikuwa yai la kwanza alilokula mezani pamoja na mumewe tangu waoane.

Haitakuwa kweli kusema kwamba tangu siku ile kila kitu kilinyooka. Jumanne iliyofuata mume alirudi na njaa, akapewa viazi na maharage, akanung'unika mpaka usingizi ulipomchukua. Juma jingine madaftari yalikwisha shuleni, mayai yakaenda kwa kijana wa chapati, na sufuria ya Jumapili ikawa na mayai 5 tu na viazi vingi zaidi, ililiwa yote. Siku nyingine zamu ilibadilishwa ghafula, baba hakurudi mpaka jioni, nao wakamla sehemu yake kwa kuwa isingefaa kukaa. Aliporudi aliulizia, akaambiwa, akacheka.

Lakini swali la mtoto halikuulizwa tena. Sasa ndiye anayeyatia mayai katika bakuli la maji kila Jumapili na kutangaza lipi limelala na lipi limesimama. Na baba, ambaye hapo zamani alikula huku ameupa mlango mgongo na kwenda kulala, hukaa nusu saa na watoto wake kabla usingizi haujamshinda. Wakati mwingine humshinda akiwa bado kitini, kisu mkononi, nao hungoja kidogo kabla ya kumwamsha.

Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo. Katika nyumba nyingi za askari tatizo si uchoyo; ni saa. Kila mmoja hula wakati wake, na aliyechoka zaidi hupewa kilicho bora akala peke yake, kwa nia njema. Mwenye sigiri, sufuria yenye kifuniko bapa na mayai 8 anaweza kuwakusanya watu wake walau mara 1 kwa juma. Makaa machache yawekwe chini na mengi juu, jani lipitishwe motoni kabla ya kutandikwa, na kisu kikitoka kisafi, mlinzi aliyekesha aitwe mezani pamoja na wenzake wote.